Hesabu za kemia kutoka gramu hadi moli na kurudi: mwongozo kamili kwa anayeanza

Mtungi mdogo wa gesi ya kupikia hubeba kilo 6. Gesi hiyo ikiungua yote hadi mtungi ukawa mtupu, inakuwa imetoa takribani kilo 18 za hewa ukaa. Ukimwonyesha mwanafunzi jibu hilo bila kumwonyesha njia, atakwambia umekosea kuweka desimali: kilo 6 zitazaaje kilo 18? Hakuna kosa lolote. Hesabu yake ni ya mistari mitatu, nayo ni ya aina ileile inayowatoa jasho wanafunzi wengi wa kidato cha tatu wakifika kwenye mada ya moli.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa yeyote anayejisomea. Unahitaji jedwali la elementi, kikokotoo, na uwezo wa kuzidisha na kugawanya. Aljebra ngumu haimo. Anayeshindwa na mada hii mara nyingi hashindwi na hesabu. Anashindwa kwa sababu ameruka hatua moja, ileile kila siku.

Mlinganyo hauhesabu gramu

Tazama mlinganyo wa kutengeneza mbolea ya urea:

2NH₃ + CO₂ → CO(NH₂)₂ + H₂O

Ile 2 iliyo mbele ya amonia haisemi gramu 2, wala kilo 2. Inasema molekuli mbili za amonia hukutana na molekuli moja ya hewa ukaa. Mlinganyo unajua idadi tu. Mizani ya maabara, kwa upande wake, inajua uzito tu. Swali la mtihani linakupa uzito na linataka uzito, lakini uhusiano kati ya vitu hivyo viwili umeandikwa kwa idadi. Kwa hiyo lazima utoke kwenye uzito uende kwenye idadi, kisha urudi.

Duka la vifaa vya ujenzi huuza misumari kwa kilo, na fundi anahitaji idadi ya misumari. Hakuna anayekaa kuhesabu msumari mmoja mmoja: ukijua mia moja zina uzito gani, mizani inakuhesabia. Moli inafanya kazi hiyo kwa atomu na molekuli. Moli 1 ni vipande 6.022 × 10²³ vya kitu chochote. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili. Usiiogope. Katika hesabu zote za mwongozo huu hatutaiingiza kwenye kikokotoo hata mara moja.

Tutakachokitumia ni uzito wa moli moja. Huu unaupata kwa kujumlisha uzito wa atomu zote zilizo kwenye fomula, kisha unauandika kwa gramu:

CaCO₃: 40 + 12 + (3 × 16) = gramu 100 kwa moli
CO₂: 12 + (2 × 16) = gramu 44 kwa moli
Ca(OH)₂: 40 + 2 × (16 + 1) = gramu 74 kwa moli

Kwenye mabano, namba ya nje inazidisha kila kilichomo ndani, siyo cha mwisho peke yake. Na ukikutana na fomula yenye nukta katikati, kama CuSO₄·5H₂O, nukta hiyo si alama ya kuzidisha. Ni maji yaliyoshikwa ndani ya fuwele, nayo yanajumlishwa: 64 + 32 + 64 + (5 × 18) = 250. Wapo wanaozidisha 160 kwa 90 wakapata 14,400 na wakaendelea mbele bila wasiwasi. Kitu chochote cha maabara ya sekondari kikikupa uzito wa moli wa maelfu, rudi nyuma.

Jambo jingine dogo: tumia uzito wa atomu uliopewa kwenye karatasi ya swali, hata kama unakumbuka namba nyingine yenye desimali zaidi. Klorini ikiandikwa 35.5, ni 35.5.

Njia yenyewe

Turudi kwenye mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwa sasa tuichukue yote kuwa propani, C₃H₈.

*Hatua ya kwanza: andika mlinganyo na uusawazishe.* Propani ikiungua vizuri inatoa hewa ukaa na maji:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Upande wa kushoto kaboni ni 3, upande wa kulia ni 1, basi weka 3 mbele ya CO₂. Haidrojeni ni 8 kushoto na 2 kulia, weka 4 mbele ya H₂O. Oksijeni iache mwisho, kwa sababu kushoto imesimama peke yake na unaweza kuirekebisha bila kuharibu kitu kingine. Kulia sasa zipo 6 + 4 = 10, kwa hiyo kushoto weka 5:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Unaposawazisha, unaruhusiwa kugusa namba za mbele tu. Namba ndogo za chini ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukibadilisha H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni zitimie, hujasawazisha chochote. Umeyaondoa maji ukaleta dawa ya kung'arisha nywele. Kumbuka pia kwamba oksijeni, haidrojeni, nitrojeni, klorini na jamaa zao hutembea wawiliwawili zinapokuwa peke yake: O₂, H₂, N₂, Cl₂. "Gramu 32 za gesi ya oksijeni" ni moli 1, siyo 2.

*Hatua ya pili: geuza ulichopewa kiwe moli.* Uzito wa moli ya propani ni (3 × 12) + 8 = 44. Kilo 6 ni gramu 6,000.

6,000 ÷ 44 = moli 136.36

*Hatua ya tatu: vuka kwa uwiano.* Hapa ndipo penye kemia. Hatua nyingine zote ni za kubadilisha vipimo. Mlinganyo unasema kila moli 1 ya propani inatoa moli 3 za hewa ukaa:

136.36 × 3 = moli 409.09

Ukichanganyikiwa ni ipi ya kuzidisha na ipi ya kugawanya, fuata desturi hii: *zidisha kwa namba ya mbele ya kinachotafutwa, gawanya kwa namba ya mbele ya kilichotolewa.* Hapa ni 3 juu ya 1.

*Hatua ya nne: geuza moli kuwa kinachoulizwa.*

409.09 × 44 = gramu 18,000, yaani kilo 18

Uzito huo wa ziada umetoka hewani. Oksijeni haikuwa ndani ya mtungi, ilikuwa jikoni kwako. Tuihesabu ili tuhakiki: 136.36 × 5 = moli 681.8, mara 32, ni kilo 21.82 za oksijeni. Maji yaliyotoka ni 136.36 × 4 × 18, sawa na kilo 9.82. Vilivyoingia: 6 + 21.82 = 27.82. Vilivyotoka: 18 + 9.82 = 27.82. Ni kanuni ambayo Antoine Lavoisier aliisimamia kwa mizani yake katika karne ya 18: uzito haupotei wala hauzaliwi. Kwenye mtihani huna muda wa kuhakiki kila swali namna hii, lakini unapofanya mazoezi nyumbani hakiki kila mara, maana ndiyo njia ya kujisahihisha bila mwalimu.

Ingekuwa butani tupu, C₄H₁₀, jibu lingekuwa kilo 18.2. Kwa hiyo uwiano wa mchanganyiko ndani ya mtungi haubadilishi picha sana. Usawazishe mwenyewe mlinganyo wake: oksijeni itakudai 6½, na hapo zidisha mlinganyo wote kwa 2.

Ushauri kuhusu desimali: usikate namba katikati ya safari. Acha kikokotoo kishike 136.3636… na ukadirie kwenye jibu la mwisho tu. Au andika yote kwenye mstari mmoja:

6,000 ÷ 44 × 3 × 44

Ukiiandika hivi unaona mara moja kwamba 44 na 44 zinafutana na jibu ni 18,000 bila kikokotoo. Maswali ya mitihani mara nyingi hutungwa yafutane hivyo.

Jiwe si safi, na tanuri halitoi yote

Pwani ya Afrika Mashariki nyumba za mawe zilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na moto wa tanuri huyavunja hivi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Namba za mbele zote ni 1, kwa hiyo uwiano ni rahisi: gramu 100 za jiwe, gramu 56 za chokaa, gramu 44 za hewa ukaa. Kilo 500 za jiwe safi zingetoa kilo 280 za chokaa. Lakini jiwe halisi lina mchanga na uchafu mwingine. Tuseme ni asilimia 90 tu iliyo kalsiamu kaboneti. Asilimia ya usafi inaingia *kabla* ya moli:

500 × 0.90 = kilo 450 za CaCO₃
450,000 ÷ 100 = moli 4,500
Uwiano 1 kwa 1: moli 4,500 za CaO
4,500 × 56 = gramu 252,000, yaani kilo 252

Hiki ndicho kiasi cha juu kabisa kinachowezekana. Sasa swali linaendelea: baada ya kuchoma zilipatikana kilo 189 za CaO tu, labda kwa sababu moto haukufika katikati ya mawe makubwa. Asilimia ya mavuno ni:

189 ÷ 252 × 100 = 75%

Usafi na mavuno huchanganywa sana, na dawa yake ni kujiuliza asilimia hiyo inaelezea nini. Ikielezea malighafi, itumie mwanzo. Ikielezea ulichokivuna, itumie mwisho. Ukipewa zote mbili kwenye swali moja, kila moja inakaa mahali pake.

Chokaa hiyo ikitiwa maji inachemka na kupasuka: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Kwa kilo 252 mlinganyo unadai moli 4,500 za maji, ambazo ni kilo 81, karibu lita 81. Fundi atatumia zaidi ya hapo, kwa kuwa joto linalotoka hugeuza sehemu ya maji kuwa mvuke. Mlinganyo haukuandikiwa mvuke huo.

Vitu viwili vikitolewa pamoja: kipi kinawahi kuisha?

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Swali: kiwanda kinachanganya kilo 340 za amonia na kilo 528 za hewa ukaa. Zitapatikana kilo ngapi za urea, na nini kitabaki?

Ukiona swali limekupa kiasi cha vitu *viwili* vinavyoingia, usichague kimoja kwa bahati. Geuza vyote kuwa moli:

NH₃: 340,000 ÷ 17 = moli 20,000
CO₂: 528,000 ÷ 44 = moli 12,000

Anayeangalia uzito atasema amonia ni kidogo kwa hiyo itaisha kwanza. Anayeangalia moli atasema hewa ukaa ni kidogo kwa hiyo itaisha kwanza. Wote wawili hawajauliza mlinganyo. Kila moli 2 za amonia zinahitaji moli 1 ya hewa ukaa, basi gawanya moli za kila kimoja kwa namba yake ya mbele:

NH₃: 20,000 ÷ 2 = 10,000
CO₂: 12,000 ÷ 1 = 12,000

Aliye mdogo hapa ndiye anayeisha kwanza: amonia. Yule wa kwanza alibahatisha jibu kwa sababu isiyo sahihi, na kwenye swali lijalo bahati haitamfuata. Kuanzia hapa hesabu yote inatoka kwenye amonia, na ile 12,000 unaiweka kando:

Urea: 20,000 × ½ = moli 10,000; mara 60 = kilo 600
Hewa ukaa iliyotumika: moli 10,000; iliyobaki: moli 2,000, mara 44 = kilo 88
Maji: moli 10,000, mara 18 = kilo 180

Hakiki: 340 + 528 = 868, na 600 + 180 + 88 = 868.

Kwa kuwa tumeshafika kwenye urea: kila gramu 60 zina gramu 28 za nitrojeni, karibu asilimia 46.7. Mfuko wa dukani huandikwa 46% N. Mkulima anayenunua mfuko wa kilo 50 amenunua kilo 23 za nitrojeni.

Gesi na mimumunyo

Hapa hakuna njia mpya. Kinachobadilika ni namna ya kuingia kwenye moli na namna ya kutoka.

Kwa gesi, moli 1 ya gesi yoyote huchukua lita 22.4 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na mgandamizo wa kawaida wa hewa, au karibu lita 24 kwenye joto la chumba. Soma swali limetaja hali ipi. Gramu 2.4 za magnesiamu kwenye asidi ya kutosha (Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂) ni moli 0.1, zinatoa moli 0.1 za haidrojeni: lita 2.24 kwenye hali ya kwanza, lita 2.4 kwenye ya pili. Namba hizi ni za gesi tu. Mwanafunzi anayezidisha moli za maji ya bomba kwa 22.4 amejaza pipa kutoka kwenye kikombe.

Kwa mimumunyo, moli ni ukolezi (idadi ya moli katika kila lita) mara ujazo, na ujazo lazima uwe kwa lita. Sentimita za ujazo zigawanye kwa 1,000 kabla ya kufanya lolote. Mfano wa titresheni, yaani kudondoshea mmumunyo mmoja kwenye mwingine hadi mmenyuko ufike mwisho: sm³ 25.0 za mmumunyo wa Na₂CO₃ wenye ukolezi wa moli 0.05 kwa lita zimemaliza sm³ 20.0 za HCl, kwa kutumia methili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi mmenyuko ukifika mwisho. Ukolezi wa asidi ni upi?

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂
Na₂CO₃: 0.05 × 0.025 = moli 0.00125
HCl: 0.00125 × 2 = moli 0.0025
0.0025 ÷ 0.020 = moli 0.125 kwa lita

Wengi hupenda fomula fupi ya MaVa/MbVb = na/nb (M ni ukolezi, V ni ujazo, n ni namba ya mbele; a ni asidi, b ni besi). Inafanya kazi, lakini ukigeuza herufi mbili jibu linakuwa robo au mara nne ya lile sahihi, na fomula yenyewe haikuonyi. Njia ya moli ni ndefu kwa mstari mmoja tu. Mimi ningeichagua kila mara. Tena angalia kiashiria. Kwa methili oranji mmenyuko huu unafika mwisho na uwiano ni 1 kwa 2. Kwa fenolfthaleini rangi inapotea nusu ya njia, pale kaboneti inapogeuka kuwa bikaboneti, na uwiano hapo ni 1 kwa 1.

Jaribu mwenyewe

Funika majibu kwanza.

1. Magadi yanayovunwa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ni madini ya trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Yakichomwa: 2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O. Kilo 904 za trona safi zitatoa kilo ngapi za Na₂CO₃?

2. Mawe ya chuma kilo 200 yana asilimia 80 ya Fe₂O₃. Kwa mmenyuko Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂, zitapatikana kilo ngapi za chuma, na zinahitajika kilo ngapi za CO?

3. Gramu 6.5 za zinki zimetiwa kwenye sm³ 100 za HCl yenye moli 1 kwa lita. Haidrojeni itakuwa lita ngapi kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa kawaida, na nini kitabaki? (Zn = 65)

Majibu:

La kwanza: uzito wa moli ya trona ni 226, kwa hiyo ni moli 4,000. Mara 3, gawa kwa 2, ni moli 6,000 za Na₂CO₃. Mara 106, ni kilo 636. Ukipata 1,272, umesahau kugawa kwa 2.

La pili: Fe₂O₃ halisi ni kilo 160, yaani moli 1,000. Chuma ni moli 2,000, mara 56, kilo 112. CO ni moli 3,000, mara 28, kilo 84.

La tatu: zinki ni moli 0.1, HCl nayo ni moli 0.1. Mlinganyo Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂ unataka asidi maradufu, kwa hiyo asidi inaisha kwanza. Haidrojeni ni moli 0.05, sawa na lita 1.12, na gramu 3.25 za zinki zinabaki chini ya bika.